Bastola Iliyotangazwa

Verna Stidham alifika miaka sitini na moja bila kumiliki bastola, na hakuwahi kujiona amepungukiwa na kitu. Bunduki alizizoea. Katika bonde la Kettle Fork, huku kwenye milima ya migodi ya makaa, mtoto anazaliwa anazikuta zimesimama nyuma ya mlango pamoja na mafagio, na marehemu Denzil, mumewe, alikuwa nazo tatu, mbili za kulungu na moja ya kindi. Lakini bunduki ni chombo cha kitoweo. Bastola ni habari nyingine. Hakuna anayeingia msituni kutafuta nyama na bastola. Anayenunua bastola ameshamfikiria mtu, na Verna mtu wake alimjua vizuri, maana alimzaa mwenyewe.

Jarrod alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipofikia utu uzima aliingia mgodini kama baba yake, na siku moja jiwe la dari likamwangukia mgongoni. Daktari akampa vidonge vya maumivu, vingi, kwa moyo mkunjufu, akaendelea kumpa mpaka serikali ilipoifunga zahanati yake. Vidonge vikaisha, maumivu yakabaki. Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa. Kila nyumba ya bonde lile ina mtu wake wa namna hiyo, na walio wengi wameshazikwa. Jarrod hakuzikwa. Aliiba.

Alianza na bunduki za baba yake. Ukafuata msumeno wa mota, ikafuata maikrowevu, ikafuata mashine ya kupumulia ya Denzil kabla udongo wa kaburi lake haujatulia. Aliwahi kufungwa kwa kuvunja ghala la watu, na tangu hapo sheria ikamkataza kugusa silaha maisha yake yote. Mama yake hakuwahi kumshitaki. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila hawakuambii ufanye nini kama nguo yenyewe unayo hiyo moja tu.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Verna alirudi kutoka kanisani, akafungua bomba ajaze birika, likatoa upepo. Akaenda bafuni, upepo. Akatoka nje akachungulia chini ya sakafu, akakuta mabomba yote ya shaba yamekatwa na pamekuwa dimbwi. Shaba inauzwa kwa uzito, na haiulizwi imetoka kwa nani. Alirudi jikoni akakaa na kofia yake ya kanisani kichwani. Hakulia. Kulia alishaacha, kama watu wanavyoacha sigara.

Aliyekuja na mabomba ya plastiki ni mdogo wake, Arlis. Alitambaa chini ya nyumba na tochi yake, na mazungumzo yao yote yakapita kwenye mbao za sakafu.

"Dada," sauti ilitoka chini, "nunua bastola."

"Nimpige mwanangu?"

"Nani kasema umpige? Nimesema ununue."

"Bastola ya kutazama."

"Sasa we unataka nini? Safari ijayo atabeba nini, choo? Hebu fungua maji nione."

Verna alifungua. Chini akasikika mtu akikohoa na kutukana.

"Nilitaka ufungue kidogo," Arlis alisema alipopata pumzi.

Siku hiyo Verna alimkatalia. Lakini kila alipofungua bomba aliusikia ule upepo, hata pale maji yalipotoka vizuri. Alianza kuogopa kurudi nyumbani. Aliogopa zaidi kwamba ipo siku atamkuta Jarrod ndani pamoja na wenziwe asiowajua, na asijue la kufanya. Akamwita Arlis akamwambia twende.

Duka la Burl Napier liko barabara kuu, na kwenye kaunta moja anauza chambo cha samaki, mikate yenye soseji na silaha. Burl ni mtu mnene, mpole, anayezungumza na kila mteja kana kwamba wanapanga harusi.

"Bi Verna," alisema, "kuna kitu nimekutengea." Akaweka juu ya kitambaa bastola ndogo, nyepesi, yenye kitako cha rangi ya waridi.

Verna aliitazama. "Hii ya mwanasesere?"

"Hii ndo wanayochukua kina mama. Inaingia kwenye mkoba."

"Mkoba wangu una Biblia. Nafasi hakuna."

"Achana na hiyo," Arlis alidakia. "Mpe ile ya magazini, risasi kumi na tano. Ukimkosa mtu na kumi, bado unazo tano."

"Arlis, wewe ulimkosa kulungu amenasa kwenye seng'enge," Burl alisema. "Usimfundishe mtu."

Huku kwetu ukiwauliza wanaume wawili habari za bastola unapata majibu matatu, na la nne linatoka kwa aliyekuja kununua soseji. Walibishana juu ya unene wa risasi, juu ya chuma na plastiki, juu ya bastola ya shemeji ya fulani iliyokwama. Verna mwenyewe hakuulizwa anaitakia nini. Walidhani wanajua.

Nyuma ya duka kuna kipande cha ardhi tambarare ambapo zamani kampuni ya makaa iliukata mlima, na hapo ndipo Burl huwaruhusu watu wajaribu. Verna alianza na ile ya waridi. Iliruka ikamchana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, na risasi ikaenda zake mbinguni.

"Nyepesi ndo zinazoruka," Burl alikiri, akimpa leso.

"Na wewe ndo hizo unazowauzia kina mama."

"Wanaipenda rangi."

Ile ya magazini ilimshinda kabla hajaifyatua. Kuingiza risasi ya kwanza lazima uvute kipande cha juu kwa nguvu, na vidole vya Verna, vilivyonyanyua masufuria ya jikoni pale shule ya msingi tangu Jarrod akiwa darasa la kwanza, vilikuwa vimevimba viungo. Alivuta, kikateleza. Akavuta tena. Arlis akamwonyesha, akamwonyesha tena, akisema ni rahisi tu, mpaka Verna akamwambia kama ni rahisi ainunue yeye.

Basi wakarudi ndani, na Verna akainama mwenyewe kwenye kabati la kioo. Kwenye rafu ya chini kabisa palikuwa na bastola kuukuu ya silinda, ya risasi sita, chuma kitupu, mtutu mrefu, kitako cha mbao kilichosuguliwa na viganja vya watu. Burl alisema iliwahi kuwa ya polisi, enzi polisi walipokuwa wanabeba hizo. Ilikuwa na uzito wa kikaango chake cha chuma, na mkono wake uliuzoea uzito huo. Alipoifyatua kule nyuma haikuruka. Ilimsukuma tu.

"Lakini kubwa hiyo, dada," Arlis alisema. "Utaificha wapi?"

"Nani anataka kuificha? Mimi nataka ionekane kutoka barabarani."

Wanaume wote wawili walicheka. Hakuwa anatania, ila hawakumwuliza zaidi.

Burl alikuwa ametundika karatasi ya shabaha yenye kivuli cha mtu kilichochorwa kwa wino, na mviringo kifuani. Verna alipoigeukia vizuri aliushusha mtutu.

"Niondolee huyo."

"Karatasi tu hiyo, Bi Verna."

"Naona ni karatasi. Ina mabega."

Arlis aliangalia viatu vyake. Burl alikwenda dukani akarudi na sahani za karatasi, zile za kulia keki, akazibana kwenye ubao. Verna alizitoboa tatu.

Burl akapiga simu serikalini kumwulizia mteja wake, akajibiwa kuwa hana doa. Akamshauri anunue na kisanduku cha chuma cha kufungia. "Jambazi yuko mlangoni, we unatafuta ufunguo?" Arlis alisema, na Verna akaona mdogo wake kasema kweli. Kisanduku kikabaki dukani.

Nikiri kwa niaba yake kwamba alikuja kulipenda jambo lile. Mchana akitoka shuleni alikwenda nyuma ya nyumba, akabandika sahani kwenye gogo, akasimama kama alivyoelekezwa. Kwa muda ule wa kuvuta pumzi na kuibana hakukuwa na Denzil aliyekufa akitafuta hewa, wala Jarrod, wala mtu yeyote. Palikuwa na sahani tu. Akawa hodari. Mwanamke aliyepitisha nusu ya umri wake akiwapakulia watoto wa watu alikuwa amepata kitu anachokiweza peke yake, na hilo nalo linauma ukilifikiria.

Mpango wake, hata hivyo, haukuhitaji shabaha. Ulikuwa mpango mwepesi, na kwa mtu wa Kettle Fork ulikuwa mpango wa akili. Hapa mtu haifichi silaha mpya. Inatolewa baada ya chakula, inapitishwa mezani mkono kwa mkono, inasifiwa, kila mtu anaipakata kidogo, kama kitoto kichanga. Verna aliitembeza hivyo hivyo. Kwanza alikwenda kwa Opal Gayheart, rafiki yake, mtengeneza nywele.

"Mwambie kila mtu," Verna alisema.

"Kwani mimi nina mdomo?" Opal alijibu, na kabla ya magharibi hata waliokuwa wamelazwa hospitali walikuwa na habari.

Kwenye chakula cha pamoja kanisani Verna aliitaja bastola mbele ya bakuli la viazi. Posta aliitaja tena. Zile sahani zilizotobolewa alizipigilia misumari kwenye nguzo ya baraza, zikiangalia barabara. Mchungaji alimpongeza. Wazee walimpungia mkono kutoka kwenye pikapu zao. Na yeye moyoni alikuwa na hesabu yake: Jarrod atasikia. Akisikia ataogopa. Akiogopa hatakuja, na asipokuja sitamlenga, na nisipomlenga ataishi. Hicho tu ndicho alichokitaka kwa kile chuma, kijana akae mbali naye na awe hai.

Katika wote waliompongeza hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri, kwamba kwa watu wa namna ya Jarrod habari ya bastola haitishi. Inawaelekeza pa kwenda. Muuza unga anaweza kuikataa runinga yako, anaweza kukuvutavuta juu ya msumeno, lakini bastola anaipokea bila swali. Verna alikuwa ametangaza mali akidhani anatangaza vita.

Jarrod alikuja mchana, siku ya kazi, kwa mlango wa mbele. Alibisha hodi. Verna hakukumbuka mara ya mwisho mtoto huyo kubisha hodi. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, lakini nywele zilikuwa zimeoshwa na zina alama za kitana.

"Nimepita tu kukusalimia, mama."

"Umekula?"

"Nimekula jana."

Akampakulia maharage, mkate wa mahindi na kitunguu kibichi. Jarrod alikula polepole, kama mtu anayeukumbusha mdomo kazi yake. Verna alisimama karibu na jiko asijue mikono aiweke wapi.

"Wanasema umekuwa mpiga shabaha," Jarrod alisema.

"Nani wanasema?"

"Nani hasemi? Hata mbwa wa Opal anajua."

"Ni kwa ajili ya mbweha. Wananimalizia kuku."

Jarrod alitafuna kwanza. "Mama, huna kuku."

Verna alifuta jiko lililokuwa safi. "Nina mpango wa kufuga," alisema.

Jarrod akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, cha kabla ya jiwe, kinachoanzia puani. Verna naye kikamtoka kicheko, na kwa muda ule, Mungu amsamehe, akafurahi kabisa.

"Hebu niione basi."

Wewe unayesoma utasema mama huyu alikuwa mjinga. Nami nimeshawasikia wengi wakisema hivyo, wengi wao hawajazaa. Mtoto amekuja nyumbani, amekula, anaomba kuona silaha ya mama yake, jambo ambalo hata jirani wa mbali angeombwa alifanye. Kumnyima ni kumwambia usoni kwamba wewe ni mwizi, na hilo Verna alikuwa hajawahi kulitamka kwa kinywa chake. Alivuta droo ya unga wa ngano, akainua kitambaa, akaitoa.

Jarrod aliifungua silinda, akazitoa risasi akazipanga mezani, kama baba yake alivyomfundisha. Akaigeuza mwangani.

"Baba angeipenda," alisema. "Angesema ni nzito, halafu angeiazima kwako asiirudishe."

Wakatoka nyuma ya nyumba. Jarrod alisimama nyuma ya mama yake akamrekebisha kiwiko. "Usiukunje. Vuta pumzi, toa nusu, bana hapo hapo." Sahani ikatoboka katikati. Kisha yeye naye akajaribu, na sheria iliyomkataza haikumjia Verna hata kidogo. Risasi ikapiga majani.

"Umenishinda, mama."

"Mazoezi tu."

Walikaa kwenye ngazi za nyuma. Jua lilikuwa linaelekea kujificha nyuma ya mlima, ambako hujificha mapema. Jarrod alikuwa anazirudisha risasi moja moja kwenye silinda.

"Ungenipiga?" aliuliza.

"Lini?"

"Ningeingia mlangoni hapo, kwa fujo. Ungenipiga kweli?"

Hilo ndilo alilokuwa amelinunulia bastola. Neno moja tu, ndiyo, na mtoto angeondoka akiliamini, na kila mmoja angebaki salama upande wake. Verna alilitafuta.

"Kula tena kabla hujaondoka," alisema.

Jarrod aliitikia kwa kichwa, taratibu, bila furaha. Alikuwa amejibiwa. Walipoingia ndani alimwona mama yake akiirudisha kwenye droo na kuifunika kitambaa. Akambusu kwenye paji la uso akaenda zake kwa miguu.

Jumapili Verna alirudi kutoka kanisani akakuta droo iko wazi na unga umemwagika sakafuni. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Runinga ilikuwepo, mabomba yalikuwepo, hata pesa za sadaka alizokuwa amezisahau juu ya friji zilikuwepo. Alifuatilia nyayo za unga mpaka barazani, hapo zikaisha.

Arlis alikuja mbio. "Piga simu polisi," alisema. "Akiua mtu, dada, bastola ina jina lako."

"Jina langu halina thamani ya kumshitaki mwanangu."

"Basi fikiria huyo atakayeuawa."

Katika mawazo ya Verna, atakayeuawa alikuwa Jarrod. Alimwona na kile chuma kiunoni, mgonjwa, kijasho kinamtoka, mbele ya mtu mwenye afya na chuma kingine. Au alimwona peke yake nacho mahali. Na mwana wa Opal yuko gerezani, miaka mingi amehukumiwa. Kila mwezi Opal huenda kumwona na kurudi na picha: amenenepa, ana meno. Opal hulia akizionyesha zile picha, na Verna kila mara alimfuta machozi huku akimwonea wivu. Jela wanafunga milango. Jela wanahesabu watu asubuhi na jioni kuona kama wapo wote. Damu ni nzito kuliko maji, na ni kwa uzito huo Verna aliinua simu akafanya jambo alilokuwa amelikataa miaka yote.

Akalitaja jina la mwanawe. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole, akiuliza na kuandika kwenye mashine.

"Ana silaha, mama?"

"Ndiyo."

"Ina risasi?"

"Sita. Niliziweka mimi."

"Ni mtu wa fujo?"

"Hapana," Verna alisema. "Hapana, binti yangu. Ni mpole. Tangu mdogo ni mpole, hata kuku alikuwa hawezi kumchinja. Waambie hivyo. Waambie ni mgonjwa tu."

Kwa jibu la kwanza na la pili Verna alisikia vitufe vikigongwa. Kwa hili la tatu hakusikia kitu.

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba wakati Verna anapiga simu, Jarrod bastola hakuwa nayo tena. Aliibadilisha asubuhi ile ile, watu wakiwa bado kanisani wanaimba, kwa mtu mmoja kwenye maegesho ya malori. Alichopewa kilikuwa cha kumtosha siku mbili. Ile ya pili hakuifikia.

Polisi wa kaunti walimkuta Jumatatu nyuma ya duka la dobi lililofungwa, amekaa juu ya kreti. Walikuwa wawili. Walisimama mbali, silaha mkononi, wakamwamuru anyanyue mikono. Akanyanyua yote miwili, akasimama. Kisha mkono mmoja ukashuka.

Verna alikuwa jikoni shuleni anamwaga maji ya tambi. Alimwona Arlis mlangoni, nyuma yake mwalimu mkuu, na wote wawili wamevua kofia. Alimalizia kumwaga yale maji kwanza. Alijua kwamba akiitua sufuria ile watamwambia.

Matanga yalijaa watu. Kettle Fork haina upungufu wa mazoea katika mambo hayo. Walileta nyama ya nguruwe, maharage mabichi, keki za rangi zote. Kila aliyemkumbatia alimnong'oneza kwamba alifanya linalostahili, kwamba mama yeyote angepiga simu ile. Opal peke yake hakusema hivyo. Opal alikaa naye kitandani akamshika mkono, na hakuthubutu kumtazama, kwa sababu mwanawe yeye bado yu hai. Heri Verna angelaumiwa. Lawama mtu anaweza kuipinga, akaitupilia mbali walau siku moja moja. Pole haina mahali pa kuishika.

Mmoja wa wale polisi wawili, kijana aliyefyatua, alikuja wiki iliyofuata, bila sare, akaacha gari lake chini barabarani. Anaitwa Tanner Fugate. Verna alimjua tangu akiwa na pengo la meno ya mbele. Shuleni alikuwa anaomba kuongezewa viazi na anaongezewa. Wakubwa zake walikuwa wamemkataza asifike pale. Alisimama chini ya ngazi za baraza, mrefu, mikono imemning'inia.

"Bi Verna, sijaja kuomba kitu."

"Sogea, nisipige kelele."

Akapanda ngazi moja. "Alinyoosha mikono vizuri. Nilimwambia anyooshe, akanyoosha. Suruali ikaanza kumdondoka. Alikuwa amekonda sana. Akashusha mkono aivute, mimi nikadhani anachomoa bastola."

Verna alikuwa na swali hilo tangu Jumatatu ile, mkono ulishuka kufanya nini, na kila mtu alikuwa amelikwepa. Sasa alikuwa na jibu lake.

"Tuliambiwa redioni ana silaha," Tanner aliendelea. "Risasi sita. Niliuliza mara mbili kama ni kweli. Wakasema habari ni ya uhakika, imetoka kwa mama yake."

Verna alijishika kwenye nguzo. Alitafuta ndani yake hasira ya kumtupia kijana yule, ingekuwa haki yake, na hakuna jirani ambaye angemlaumu. Hakuikuta. Yote alikuwa ameshaimaliza juu yake mwenyewe, siku ya kwanza, na haikubaki hata ya kumgawia mtu.

"Ilikuwa ya uhakika," alisema. "Ni mimi niliyewaambia."

Tanner alifuta pua kwa kiganja, kama alivyokuwa akifuta mezani shuleni. Alionekana kama hajalala kwa siku nyingi.

"Nenda nyumbani, Tanner," Verna alimwambia. "Mama yako yuko macho anakusubiri."